Sura ya Sita: Kifurushi Nimelipia, Kosa Langu Liko Wapi?

Swali hili huulizwa na wenye mabanda ya mpira kuanzia Mwigobero hadi Kiabakari, mkoani Mara, na wengi huliuliza kwa uchungu. King'amuzi walinunua dukani kwa risiti. Dishi lilifungwa na fundi mchana kweupe. Kifurushi wanalipia kila mwezi kwa simu, tena kile cha juu chenye ligi zote. Hawakukata waya wa mtu wala kuchezea kadi. Halafu siku moja wanasikia kwamba kuwaonyesha watu sitini mechi ya Simba na Yanga kwa kiingilio cha shilingi 500 ni kosa la kufikishwa mahakamani, na kwamba kosa lenyewe lina kifungo ndani yake.

Naliheshimu swali hilo, kwa sababu anayeuliza hajioni mwizi. Mara nyingi ni kijana aliyeuza pikipiki akanunua projekta, au mama muuza chakula aliyeona runinga inamwongezea wateja wa jioni. Amelipa, na aliyelipa hudhani amemaliza. Katika sura hii nitaeleza kwa nini hajamaliza, sheria inaweza kumfanya nini, na afanye nini mapema, kabla mkaguzi hajasimama mlangoni.

Malipo yako yamenunua nini

Unapojiunga na kampuni ya matangazo ya kulipia, iwe DStv, Azam au nyingine, unaingia mkataba. Wachache huusoma. Mkataba wa kifurushi cha kawaida una sharti moja kubwa: picha hizi ni za kutazama nyumbani, wewe na watu wako. Mechi hukuinunua, wala hukupewa haki ya kuwauzia wengine nafasi ya kuitazama. Umenunua ruhusa ya kutazama, basi.

Mtu aliyepanga chumba Nyasho anaelewa jambo hili bila kufundishwa. Analipa kodi kila mwezi, ana funguo, analala anavyotaka. Lakini akikigeuza chumba hicho gesti na kulaza wageni kwa malipo, mwenye nyumba atamtoa, na hakuna mjumbe wa mtaa atakayemtetea kwa hoja kwamba kodi alilipa.

Sasa mpaka uko wapi kati ya nyumbani na biashara? Sheria ya Tanzania haihesabu viti. Inaangalia ni watu gani waliopo. Palipo na watu walio nje ya mzunguko wa kawaida wa familia na marafiki zake wa karibu, au mahali ambapo watu kama hao wanaweza kuingia, hapo ni hadharani. Kwa hiyo mjomba, shemeji na majirani wawili waliokuja kutazama fainali sebuleni kwako Bweri hawakutii hatiani, hata wakiwa kumi na wawili na wote wakipiga kelele. Lakini chumba hichohicho ukikifungulia mlango wa barabarani, ukaweka mabenchi na kijana wa kupokea jero mlangoni, umehama. Hata siku ambayo wamekuja watu wanne tu, umehama, maana yeyote mwenye shilingi 500 angeweza kuingia.

Mwenye baa huko Bunda atasema: mimi sitozi kiingilio, mtu ananunua soda yake anakaa. Asijifariji kwa hilo. Runinga ile kubwa haikuwekwa ukutani kama pambo. Imewekwa kwa sababu siku ya Dabi ya Kariakoo kreti zinazotoka ni nyingi kuliko Jumanne ya kawaida. Faida ipo, imepitia tu kwenye chupa badala ya mlangoni. Na mkataba wa kifurushi cha nyumbani umekwisha kuvunjwa mara tu picha ilipowashwa baa.

Mwenye mali ni nani

Hapa pana maneno mawili ya kisheria ambayo lazima tuyajue. La kwanza ni *hakimiliki*, yaani haki ya mtu aliyebuni kazi: mwandishi juu ya kitabu chake, mwanamuziki juu ya wimbo wake, mtengeneza filamu juu ya filamu yake. La pili ni *hakishiriki*, haki za wale wanaoifikisha kazi kwa watu: waimbaji na waigizaji, watayarishaji wa rekodi za sauti, na vituo vya utangazaji. Sheria yetu imeyabeba yote mawili katika jina lake: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, ambayo katika vitabu vya sheria ni Sura ya 218.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba mpira wenyewe, yaani vijana 22 wakikimbiza mpira uwanjani, si kazi ya hakimiliki. Ukitoka Uwanja wa Karume pale Musoma ukasimama kijiweni na kusimulia bao lilivyofungwa, hudaiwi na mtu. Kinacholindwa ni matangazo: picha zilizochukuliwa na kamera na kuchaguliwa na fundi wa chumba cha kuongozea, sauti ya mtangazaji, marudio ya polepole, michoro ya matokeo, na muziki wa ufunguzi. Hivyo vilitengenezwa na watu, kwa gharama. Kituo kilichovitengeneza, au kilichovinunua, ndicho chenye haki ya kusema vionyeshwe wapi.

Na kiingilio kina historia yake. Mkataba wa Roma wa mwaka 1961, ulioweka haki za vituo vya utangazaji, ulitaja waziwazi haki ya kituo kudhibiti uonyeshaji wa matangazo yake ya runinga mahali ambapo watu wanaingia kwa kulipa. Hapa inatosha kujua kwamba banda lenye kiingilio ni tatizo ambalo wanasheria walikwisha kulifikiria kabla Tanzania Bara haijapata bendera yake Desemba 1961.

Banda moja, sheria nne

Watu husema "sheria ya COSOTA" kana kwamba ni moja. COSOTA, iliyoanza kama Chama cha Hakimiliki Tanzania na sasa ni Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, ndiyo inayosimamia sheria ile ya 1999. Lakini banda umiza moja la mabati, yaani banda la kuonyeshea mpira, linaweza kuguswa na sheria nne kwa wakati mmoja:

1. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Hii ndiyo mama. Inahusu kuonyesha matangazo hadharani bila ruhusa ya mwenye haki. Inahusu pia muziki unaopigwa kabla ya mechi na wakati wa mapumziko.

2. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Namba 4 ya 1976. Kama kati ya mechi na mechi unaonyesha filamu, unahitaji leseni ya mahali pa kuonyeshea, na filamu yenyewe iwe imekaguliwa na Bodi ya Filamu. Uwe na filamu ya Kihindi iliyotafsiriwa, uwe na Bongo Movie, ni lilelile.

3. Sheria ya Makosa ya Mtandao, Namba 14 ya 2015. Hii inawashtua vijana, kwa hiyo nitairudia hapa chini.

4. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, inayosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Inamhusu anayenunua king'amuzi kimoja kisha akavuta nyaya hadi nyumba za jirani na kukusanya fedha kila mwezi. Huyo si mwenye banda tena. Amejigeuza kituo cha kusambaza maudhui, na kituo kinatakiwa kuwa na leseni ya TCRA juu ya ruhusa ya wenye matangazo.

Leseni ya biashara ya halmashauri haipo kwenye orodha, na nina sababu. Wengi huibandika ukutani wakidhani inafunika yote. Inasema tu kwamba halmashauri imekuruhusu kufanya biashara mahali pale. Halmashauri haiwezi kukupa ruhusa ya mali ya mtu mwingine.

Adhabu, kwa tarakimu

Kosa hili lina milango miwili, na mtu mmoja anaweza kupitishwa kote.

Mlango wa kwanza ni wa *jinai*: Jamhuri inakushtaki, na mwisho wake ni faini au jela. Sheria ya 1999 ilipotungwa iliweka faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili, kwa anayevunja haki hizi kwa kujua na kwa ajili ya biashara, kwa mara ya kwanza. Akirudia, kikomo kilikuwa milioni 10 au miaka 5, au vyote. Tangu hapo sheria imefanyiwa marekebisho na faini zimepandishwa, kwa hiyo tarakimu hizo zichukuliwe kuwa zilikoanzia, si zilikoishia.

Angalia maneno "kwa kujua". Yana uzito. Mtu aliyedanganywa na wakala akaamini kifurushi chake ni cha biashara ana jambo la kumwambia hakimu. Lakini aliyepokea barua ya onyo akaitumia kufungia vitumbua hana. Barua ya onyo ikikufikia, ihifadhi, ijibu, na uzime matangazo mpaka jambo lieleweke. Kuanzia siku uliyoipokea, huwezi tena kusema hukujua.

Sasa ile Sheria ya Makosa ya Mtandao. Kuna vijana ambao hawana king'amuzi kabisa: wanatafuta linki ya mechi kwenye intaneti, wanaunganisha kompyuta mpakato na projekta, na banda linajaa. Wanaona wamekwepa kampuni ya matangazo. Wameingia pabaya zaidi. Sheria hiyo inakataza kutumia mfumo wa kompyuta kuvunja haki za ubunifu, na kama ni kwa biashara, faini yake ni *isiyopungua* shilingi milioni 20, au kifungo kisichopungua miaka 5, au vyote, pamoja na fidia kwa mwathirika. Tofauti ya "isiyozidi" na "isiyopungua" ndiyo tofauti ya maisha ya mtu. Penye "isiyozidi" hakimu anaweza kukuhurumia akashuka hadi laki mbili. Penye "isiyopungua" mkono wake umefungwa.

Tupige hesabu ya banda la kufikirika, si la mtu. Watu 60, kiingilio shilingi 500, ni 30,000 kwa mechi. Mechi nne kwa wiki, 120,000. Mwaka mzima bila kukosa wiki hata moja, shilingi 6,240,000, kabla ya umeme, kodi ya kiwanja na posho ya kijana wa mlangoni. Faini ile ya chini kabisa ya milioni 20 inameza mapato ya miaka mitatu na zaidi. Ninaposema biashara hii haifai kuendeshwa kwa kubahatisha, ndiyo hesabu ninayoiona.

Mlango wa pili ni wa *madai*: mwenye haki mwenyewe anakushtaki ili alipwe. Anaweza kuomba zuio, yaani amri ya mahakama ya kukukataza kuendelea. Anaweza kudai hasara aliyopata. Na anaweza kudai faida uliyopata wewe kutokana na mali yake. Hapo ndipo daftari la mapato ya mlangoni linapogeuka ushahidi. Wanaodhani mahakama zetu hazijali hesabu za namna hii wakumbuke mwaka 2016, Mahakama ya Wilaya ya Ilala ilipoamuru kampuni ya simu ya Tigo iwalipe wasanii AY na Mwana FA zaidi ya shilingi bilioni 2 kwa kutumia nyimbo zao kama miito ya simu bila ridhaa. Safari hiyo sheria ilimbana mkubwa kwa faida ya wasanii. Ndiyo sheria hiyohiyo.

Marekani wameifanya hesabu kuwa nyepesi zaidi kwa anayedai. Huko mapambano makubwa ya ngumi huuzwa moja moja: unalipia usiku mmoja tu. Baa inalipa bei yake maalumu, inayopangwa kwa kuangalia jengo linaingiza watu wangapi. Baa ikionyesha bila kulipia hiyo, mwenye haki hahitaji kuthibitisha hasara shilingi kwa shilingi. Sheria inamruhusu adai dola 1,000 hadi 10,000 kwa kosa, na mahakama inaweza kuongeza hadi dola 100,000 ikiona ilikuwa makusudi kwa ajili ya faida. Sheria hiyo ina huruma kidogo pia: aliyekosea bila kujua, wala bila sababu ya kujua, anaweza kushushiwa hadi dola 250. Natamani sheria yetu nayo ingekuwa na ngazi ya chini namna hiyo, kwa ajili ya banda la kijijini.

*Kwa kifupi mpaka hapa:* kifurushi cha nyumbani hakigeuki cha biashara kwa sababu kimelipiwa. Leseni ya halmashauri haitoshi. Kutumia linki ya intaneti ni hatari kuliko king'amuzi. Na barua ya onyo inaondoa utetezi wa kutojua.

Wanajuaje kwamba ni wewe?

Wenye mabanda hudhani Butiama iko mbali mno na ofisi za Dar es Salaam. Lakini matangazo ya kulipia yana alama zake. Umewahi kuona tarakimu ndefu zikitokea ghafla katikati ya mechi, zikakaa sekunde chache na kupotea? Wengi huzitukana kwa kuziba mpira. Tarakimu hizo zinatambulisha kadi au king'amuzi kinachoonyesha. Mkaguzi aliyekaa benchi la nyuma kama mteja mwingine akizipiga picha, ameondoka na jina la mwenye akaunti, na aina ya kifurushi chake. Uingereza kampuni ya Sky hutumia njia iliyo rahisi kuliko hiyo: matangazo yanayopelekwa baa yana kialama cha glasi ya bia pembeni mwa skrini. Mkaguzi anachungulia tu. Glasi isipokuwepo, baa hiyo inatumia kifurushi cha nyumbani.

Kisha kuna ubao wa mlangoni. "LEO SAA 11: YANGA v SIMBA. KIINGILIO 500." Ubao huo una saa, mechi na bei. Mwendesha mashtaka hahitaji kuongeza mengi. Na siku hizi wengine huweka tangazo hilo hilo kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, likabaki huko na saa yake.

Baa ya Portsmouth na kadi ya ng'ambo

Watu wa Mara wanakaa jirani na mpaka. Kutoka Musoma hadi Sirari ni safari ya asubuhi, na ukivuka uko Isebania, Kenya. Ndiyo maana swali la pili huwa hili: je, nikinunua kadi halali ya nchi nyingine, yenye bei nafuu, nikalipia kihalali huko, nitakuwa nimepona?

Kesi iliyolijibu swali hilo vizuri ilianzia kwenye baa moja ya Portsmouth, Uingereza. Mwenye baa, Karen Murphy, aliona bei ya Sky ya kuonyesha Ligi Kuu ya Uingereza ni kubwa mno. Akanunua kadi ya Ugiriki, akailipia, akawaonyesha wateja wake. Alishtakiwa akatozwa faini. Hakukubali, alikata rufaa, na jambo likafika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, iliyotoa uamuzi tarehe 4 Oktoba 2011.

Magazeti yaliandika kwamba mama huyo ameshinda, na kweli Februari 2012 mahakama ya Uingereza ilifuta hukumu yake. Lakini uamuzi ulikuwa na nusu mbili. Nusu ya kwanza: ndani ya soko moja la Ulaya, haifai kumkataza mtu kununua kadi ya nchi nyingine mwanachama. Nusu ya pili, ambayo haikupigiwa ngoma: kuonyesha matangazo baa, kwa umma, ni jambo tofauti, na vile vilivyomo vyenye hakimiliki, kama muziki wa ufunguzi na michoro, vinahitaji ruhusa ya mwenyewe.

Sisi tuna Soko la Pamoja la Afrika Mashariki tangu Julai 2010. Mtu anaweza kujenga hoja juu yake, na huenda siku moja wakili kijana wa Musoma ataijenga. Lakini hata akishinda kama Murphy, atakuwa ameshinda haki ya kununua kadi. Haki ya kuweka mabenchi na kutoza mlangoni itabaki kuombwa.

Fedha hiyo inakwenda wapi

Nimesikia hoja kwamba kampuni za matangazo ni tajiri, na jero ya banda la Nyasura haiwezi kuziumiza. Ingekuwa ni kampuni peke yake, hoja hiyo ingenisumbua. Lakini tufuate fedha.

Mwezi Mei 2021, Azam Media na Shirikisho la Mpira wa Miguu, TFF, walisaini mkataba wa miaka kumi wa kuonyesha Ligi Kuu, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Fedha hizo zinatokana na watu kulipia vifurushi na matangazo ya biashara, na sehemu yake hugawiwa klabu. Msimu wa kwanza wa mkataba huo ulikuwa 2021/22. Kati ya klabu 16 za msimu huo kulikuwa na klabu ya Musoma: Biashara United Mara.

Watu wa mkoa huu hawahitaji kukumbushwa, lakini msomaji wa mbali anahitaji kujua. Biashara United ilipanda Ligi Kuu mwaka 2018. Msimu wa 2020/21 ilimaliza ya nne, juu ya klabu zenye majina na mabasi makubwa, na ikapata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Ikaitoa Dikhil ya Djibouti. Oktoba 2021 ikaifunga Al Ahli Tripoli ya Libya mabao 2-0 Dar es Salaam. Kisha ikashindwa kusafiri kwenda Libya kwa mechi ya marudiano, ikatolewa bila kupigwa hata shuti moja. Mwisho wa msimu ikashuka daraja.

Sisemi mabanda ya Mukendo ndiyo yaliyoishusha. Nasema hivi: klabu ya aina ile haina bilionea wa kuilisha. Fungu la matangazo kwake ni mishahara, ni nauli ya basi kutoka Musoma hadi Mbeya, ni chakula cha kambi. Kila mahali pa biashara panapoonyesha ligi kwa kifurushi cha nyumbani panalipa kidogo kuliko panavyopaswa kulipa, na anayenunua haki za ligi msimu ujao atapanga bei kwa kuangalia alivyokusanya. Kijana wa Bunda anayelipa jero kuitazama ligi na kuota kuichezea siku moja, amelipa. Jero yake haikufika.

Lawama ambayo haipaswi kumwangukia mwenye banda

Hata hivyo siwezi kuandika sura hii kana kwamba kosa lote liko upande mmoja. Kuna wakala anayejua wazi kwamba king'amuzi kinakwenda kufungwa ndani ya banda, na bado anakisajili kwa jina la mtu binafsi ili apate kamisheni upesi. Kuna fundi anayemhakikishia mteja kwamba "huku hawafiki". Wote wawili huwa hawapo siku ya mkaguzi.

Na kuna bei. MultiChoice wana kitengo cha DStv Business, chenye vifurushi vilivyopangwa kwa baa, hoteli na ofisi. Ni jambo jema. Lakini banda la Butiama si hoteli. Lina paa la mabati, sakafu ya udongo na umeme unaokatika. Kwa vijana wengi wa vijijini ndipo mahali pekee pa kuitazama Taifa Stars kwa picha. Kampuni yoyote inayotaka mabanda haya yawe halali inapaswa kuweka bei ambayo banda la viti hamsini linaweza kuilipa kutokana na kiingilio chake, kwa mwezi, kwa simu, bila kumtaka mtu asafiri hadi Mwanza. Nikipewa nafasi ya kuwashauri, ningeanzia hapo kabla ya kuanzia kwenye faini. Mkaguzi naye angefanya vyema zaidi akitanguliza semina pale Kiabakari kabla ya kutanguliza polisi.

La kufanya sasa

AFCON ya 2027 imepangwa kufanyika Tanzania, Kenya na Uganda. Mabanda yatajaa kuliko wakati wowote, na ukaguzi nao utaongezeka. Kwa mashindano makubwa, waandaaji huwa na masharti yao pia: FIFA, kwa mfano, kwenye Kombe la Dunia hutenganisha uonyeshaji wa hadhara wa bure na ule wenye kiingilio au wadhamini, na huu wa pili unahitaji leseni.

Anza kwa afisa utamaduni wa halmashauri yako, Musoma, Bunda au Butiama. Ndiye aliye karibu, na mambo ya filamu na hakimiliki yako mezani kwake. Muulize vibali vinavyotakiwa na ada zake, na uandike anachokujibu. Kisha mwambie wakala wa kampuni ya matangazo, kwa maandishi hata kama ni ujumbe wa simu, kwamba unataka kifurushi cha kuonyesha watu kwa biashara, na utaje idadi ya viti. Akikuambia "chukua hiki cha nyumbani, hakuna shida", ujumbe huo usiufute. Wenye mabanda wa mtaa mmoja mkiweza kwenda pamoja, nendeni pamoja: mtu mmoja anayeomba bei hupewa karatasi ya bei, lakini wenye mabanda ishirini wakienda kwa pamoja wana nafasi ya kukaa mezani na kuzungumza.

Na leo jioni, kabla ya kuandika ubao, toa mkataba wa king'amuzi chako na usome mistari miwili tu: jina la mteja na aina ya kifurushi. Kama jina ni lako binafsi na kifurushi ni cha nyumbani, tazama mechi na familia yako, na usimtoze mtu mlangoni mpaka ukibadilishe.